Vibiriti vya Shikamoo

Fundi wa mashine alifika supamaketi Jumanne asubuhi, Kinanda akiwa anabadilisha karatasi ya risiti kwenye kaunta ya tatu. Alitoa kwenye begi mashine nyeusi, bapa kama kisahani cha kikombe, akaibandika pembeni mwa kaunta, akaifuta vumbi kwa kiwiko. Kuanzia siku hiyo, alisema, hakutakuwa tena na habari ya kutafuta chenji. Mteja atasogeza simu yake hapo, mashine italia tii, naye ataondoka na vitu vyake. Kilichokosekana ni sauti ya kumwambia kwamba amelipa.

Meneja hakuhangaika kutafuta. Kinanda ni jina alilopewa na wateja kwa ajili ya sauti yake, nao walikuwa radhi kupanga foleni ndefu kwake huku keshia wa kaunta nyingine wakipiga miayo. Alikuwa na namna ya kumtajia mtu bei ya sukari hata mtu akajiona amepewa pole. Fundi alimwambia achukue kitu chochote, asogeze simu yake mwenyewe, na papo hapo aseme, "Malipo yamepokelewa. Asante, karibu tena." Hivyo angerekodi sauti na kujaribu mashine kwa mkupuo mmoja, maana alikuwa na maduka mengine ya kwenda.

Kaunta ina mwiko wake, na Kinanda ndiye aliyewafundisha keshia wapya wote: mkono ukiwa na malipo, mdomo ufungwe; mdomo ukifunguka, mkono utulie. Ukivichanganya hujui umetoa nini. Lakini meneja alikuwa amesimama pale akiangalia saa, na wateja walikuwa wanasubiri. Kinanda akachukua kibiriti, akasogeza simu, akasema maneno aliyoambiwa. Mashine ikalia tii. Ikachukua bei ya kibiriti na sauti, vyote pamoja.

Alipofungua kinywa kumuuliza mteja aliyefuata kama anahitaji mfuko, hakikutoka kitu. Mteja alisubiri kidogo, kisha akasema mfuko anao. Keshia wa kaunta ya pili alimletea maji ya uvuguvugu. Fundi alithibitisha kwamba mashine inafanya kazi, akafunga begi lake, akaenda.

Kule zahanati, muuguzi alimmulika koo kwa tochi.

"Koo zima kabisa," alisema. "Ila sauti haimo. Mara ya mwisho uliiacha wapi?"

Kinanda akaonyesha kwa kidole upande wa supamaketi.

"Basi ifuate huko huko. Hapa tungekupa dawa ya kikohozi, na wewe hukohoi."

Mwisho wa mwezi keshia wote waliachishwa kazi. Wenzake waliambiwa wakiwa wamesimama kwamba mashine zinatosha. Yeye alikaribishwa kiti ofisini. "Keshia asiyeweza kumwambia mteja hata karibu, nitamweka wapi?" meneja alimuuliza kwa upole. Kinanda akaandika kwenye simu, akamsogezea: Nirudishieni sauti yangu. Meneja alisoma, akatikisa kichwa kwa huruma. Sauti ilikuwa imeshapelekwa matawi yote. Tena hakuna aliyemshika mkono, simu alisogeza mwenyewe. "Malipo yakishapita hayarudi. Si wewe uliyekuwa ukiwaambia wateja hivyo?"

Ni kweli alikuwa akiwaambia, na ndicho kilichomuuma zaidi njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nyumbani alikuwepo mama yake, ambaye macho yake yalikuwa yameacha kuona miaka mingi, na ambaye hakuwa na mzaha katika jambo la salamu. Siku zote Kinanda alikuwa akivua viatu mlangoni na kusema, "Shikamoo, mama," naye mama husema, "Marahaba, mwanangu," ndipo sufuria iteremshwe jikoni. Tangu siku ya fundi alikuwa akimshika mama mkono tu na kukohoa kwa kujisingizia, na mama alimvumilia akidhani ni mafua. Jioni ile uvumilivu ulimwisha.

"Mguu ni wa mwanangu," mama alisema. "Sabuni nayo ni ya mwanangu. Lakini mwanangu hunisalimia. Wewe ni nani?"

Kinanda akaupeleka mkono wa mama kooni pake. Mama akapapasa kama mtu atafutaye ufunguo ndani ya mkoba.

"Humu hamna kitu," alisema. "Nani kachukua?"

Jirani yao, mshonaji aliyepanga chumba cha mbele, ndiye aliyeitwa kumsomea alichoandika Kinanda kwenye simu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, hakulia wala hakumlaani mtu. Alisema tu kwamba tangu azaliwe hajapata kula chakula cha mtu asiyempa salamu, na hawezi kuanza tabia mpya uzeeni. Akaisukuma sahani. Kesho yake akaisukuma tena. Alikunywa chai ya jirani, kwa kuwa jirani alisalimia, lakini chai haijengi mwili, na mashavu yake yakaanza kuingia ndani. Kinanda aliingiwa na hofu. Ukaidi wa mama aliujua, maana ndio aliourithi.

Siku moja alikwenda supamaketi kununua mkate laini, akiwa na tumaini kwamba huo mama hataukataa. Viti vya keshia vilikuwa vimeondolewa. Alisogeza simu, mashine ikalia tii.

"Malipo yamepokelewa," sauti yake ikamwambia. "Asante, karibu tena."

Maneno hayo aliwahi kuwaambia watu wasiohesabika, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa yeye. Asante ya nini? aliwaza. Umeninyang'anya halafu unanikaribisha? Nirudishieni.

Nyuma yake alisimama mwashi mwenye saruji kwenye nyusi. Naye akasogeza simu kulipia sabuni.

"Asante ya nini?" mashine ikamwambia. "Nirudishieni."

"Mimi sikuchukua, dada," mwashi alisema, akiitazama mashine kisha Kinanda. Akaweka sabuni mfukoni, akaenda kazini.

Ndivyo ilivyojulikana kwamba sauti ilihama nyumba lakini haikumwasi mwenyewe. Ilisema alichokiwaza. Ila ilitoka pale tu mtu aliposogeza simu, na ilitoka katika matawi yote. Kinanda akionja mchuzi, mteja wa upande wa pili wa mji aliyenunua dawa ya meno aliambiwa kwamba chumvi imezidi. Watu walizoea upesi. "Leo mashine haina raha," mtu alimwambia mwenzake kwenye foleni, "nadhani hakulala vizuri." Na mwenzake alisema masikini, apumzike.

Basi Kinanda akaanza kuwaza kwa makusudi. Asubuhi, akishamaliza kumsaidia jirani kushona vifungo, alikaa kwenye kigoda uani, akafumba macho, akawaza neno moja baada ya jingine bila haraka. Maziwa ya rafu ya chini yamefutwa tarehe. Mizani ya nyama huanza kuhesabu kabla nyama haijawekwa. Keshia wa kaunta ya pili ana watoto watatu na mshahara wake wa mwisho hajauona. Wateja walisikia, wakashukuru, wakarudisha maziwa rafuni. Neno asante mashine hazikulitamka tena, hata kwa bahati mbaya.

Meneja alimwita fundi. Fundi alipunguza sauti, nayo haikupungua. Alifuta alichokirekodi, kisha akajaribu kwa simu yake. "Futa tena," mashine ikamwambia. "Nipo." Alipochomoa waya ilinyamaza, lakini haikupokea malipo, na foleni ikafika mlangoni, kwa kuwa pesa taslimu duka lilikuwa limeshaacha kuzichukua. Akaurudisha waya mahali pake.

Ndipo meneja alipofunga safari hadi nyumbani kwa Kinanda, na mfuko wa matunda mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema mlangoni.

"Marahaba," mama alijibu. "Kumbe salamu unayo yako. Sasa ile ya mwanangu unaifanyia nini?"

Meneja alicheka kidogo, akaketi, akaeleza lililomleta. Kampuni ilikuwa tayari kumrudisha Kinanda kazini. Hatakuwa na haja ya kufika dukani. Atakaa hapo hapo nyumbani, kuanzia duka linapofunguliwa hadi linapofungwa, akiwaza kwamba malipo yamepokelewa, asante, karibu tena. Kwa mawazo hayo angelipwa kila mwezi, na sikukuu angepumzika.

Kinanda aliandika kwenye simu: Na sauti ya kumsalimia mama?

"Hilo haliko mikononi mwangu," meneja alisema.

Kinanda aliinuka, akachukua mfuko wa matunda, akautoa nje, akauweka juu ya bonneti ya gari la meneja. Kisha akarudi akasimama kando ya mlango ulio wazi. Wakati huo huo, katika matawi yote, kila aliyesogeza simu aliambiwa, "Toka." Wengine walitoka, bila kujua wamekosa nini.

Gari lilipoondoka, mama alinyoosha miguu.

"Nivalishe viatu," alisema. "Kama salamu yangu iko dukani, nitaifuata huko huko dukani. Na chakula ukibebe. Nina njaa."

Walifika jioni, duka limejaa. Kinanda alibeba sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Mlinzi, aliyemjua tangu enzi za kaunta ya tatu, alitoa kigoda chake mwenyewe akakiweka kando ya mashine. "Kaa, bibi," alisema, "mimi nimekaa kutwa." Kinanda alitazama rafu, akachagua kitu cha bei ya chini kuliko vyote. Kilikuwa kibiriti. Akasogeza simu.

"Shikamoo, mama."

Mama aliinamisha kichwa.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Umechelewa."

Kinanda akachukua kibiriti cha pili. "Nisamehe, mama." Akachukua cha tatu. "Kula sasa, unakonda." Mama akashika kijiko, akala viazi vyake pale pale, akitafuna taratibu, akisema chumvi iko sawa. Kibiriti kingine kilipofuata, mashine ilisema, "Kesho nitakupikia," ikakatika hapo, kwa kuwa simu iliishiwa salio. Kinanda akabaki na mkono hewani. Yule mwashi alikuwa kwenye foleni. Alisogeza simu yake kulipia mkate.

"Maharage," mashine ikamalizia.

"Maharage yananijaza gesi," mama alisema.

Mwenye mchele akasogeza. "Basi ndizi." Mwenye mafuta ya taa akasogeza. "Mama, nilikuwa nikikusalimia kila siku moyoni." Mwenye daftari la mtoto akasogeza, naye akaangalia pembeni ili asikie bila kusikiliza. Foleni ilienda hivyo mpaka sufuria ikawa tupu.

Meneja alishuka kutoka ofisini na kusema kwamba ndani ya duka hairuhusiwi kula.

"Mwanangu yuko kazini," mama alimjibu, akifuta kijiko. "Humlipi, humpi kiti, lakini kazini yupo, namsikia. Mimi nimekuja kula kwake. Ukitaka kutufukuza, anza na huyo anayesema."

Meneja aliitazama mashine. Mtu mwingine alisogeza simu. "Anza na mimi," mashine ikasema. Meneja akarudi ofisini.

Tangu hapo walikwenda kila jioni. Kampuni haikurudisha sauti wala keshia, na mshahara wa yule wa kaunta ya pili haukuonekana. Ilichokifanya ni kuangalia mauzo yake, ikaona kwamba vibiriti vinatoka vizuri katika lile tawi moja, ikapandisha bei ya vibiriti. Kinanda akashona vifungo zaidi. Hakuna jioni ambayo mama alikosa shikamoo yake.

Vibiriti vilijaa nyumbani. Vilipangwa juu ya kabati, chini ya kitanda, kwenye dirisha, vyote vikiwa havijafunguliwa. Mama alivijua kimoja kimoja. Alikitikisa sikioni akasema hiki ni cha siku ya mvua, hiki ni cha siku uliyonichekesha mpaka nikapaliwa.

Jumamosi moja mchana Kinanda alikuwa anataka kuwasha jiko ili chakula cha jioni kiwahi. Kibiriti cha jikoni kilikuwa kimekwisha. Alinyoosha mkono juu ya kabati, akachukua kimoja. Njiti zikalia.

"Rudisha," mama alisema kutoka chumbani.

Kinanda akasimama nacho mkononi.

"Hicho ni shikamoo yangu. Wamekuuzia sauti yako kwa rejareja, halafu wewe uipige moto? Rudisha. Kaombe kwa jirani."

Kinanda akakirudisha pale pale kilipokuwa, akakinyoosha kilingane na vingine. Akavuka ua, akabisha chumba cha mbele, akamwonyesha mshonaji kwa kusugua dole gumba juu ya kidole. Mshonaji alijua nyumba ile ina vibiriti vya kuwasha mji mzima. Hakuuliza. Alimpa njiti tatu, na kipande cha ubavu wa kuwashia.

Katika tawi la mbali, kwa wakati huo, kijana aliyenunua mkate alisogeza simu kwenye mashine.

"Hatuwashi," mashine ikamwambia. "Hata kimoja."

Akachukua mkate wake, akaenda zake.