Kilo Kumi na Moja za Dorotea

Jumamosi saa mbili asubuhi Esther alipakia kwenye Noah ya kukodi hotpoti mbili, birika, mkeka, nepi sita na kadi ya kliniki ya mtoto. Kadi haikuwa na kazi yoyote kwenye matembezi, lakini Esther ni mtu wa kubeba kadi. Ilisema kwamba Dorotea, mwenye mwaka mmoja na miezi minane, ana kilo kumi na moja kamili. Alikuwa amepimwa Jumatano.

Wageni walikuwa Enoka na mkewe Judith, waliofika Musoma jana yake kutoka Kabasa, Bunda, na jogoo mmoja na gunia la viazi vitamu. Enoka anauza mabati, anacheka kwa sauti, na hajawahi kuingia nyumba ya watu mikono mitupu. Ni mtoto wa baba mdogo wa Bibi Wegesa, kwa hiyo humwita Bibi Wegesa dada. Clever, mume wa Esther, ni mjukuu wa Bibi Wegesa, naye humwita Enoka babu. Ratiba ya siku aliipanga Clever: makumbusho ya Mwitongo kule Butiama, kisha kurudi Musoma kula sato ufukweni.

Bibi Wegesa alikuwa na ombi moja tu. Alitaka apitishwe mahali ilipokuwa nyumba ya mama yake, kando ya barabara ya Butiama, alikotoka akiwa na miaka minne na asirudi tena. Shamba hilo sasa ni la Enoka, na ombi hilo Enoka alilisikia kila Krismasi kwa miaka thelathini. Mwaka huu shamba lilikuwa limepata mteja na wapimaji walishaweka mawe ya mpaka.

"Tutapita, dada, tukipata nafasi," Enoka alisema, kama kila Krismasi.

Bibi Wegesa akaingia garini akampakata Dorotea. Mtoto alipewa jina la huyo mama yake Bibi, kwa hiyo Bibi humwita Mama, na kila asubuhi humwamkia shikamoo. Dorotea hujibu kwa kumvuta hereni.

Safari ilikuwa tamu. Judith aliimbisha nyimbo za kwaya, Clever akapiga ngoma kwenye mfuniko wa hotpoti, na dereva Shija, aliyekodishwa pamoja na gari, akaitikia sauti ya nne bila kuombwa. Dorotea alitupa kiatu dirishani mara mbili, na mara zote mbili gari lilirudi kukifuata. Walipopita Makutano, Bibi Wegesa akasema, "Ni hapo mbele." Enoka akasema watapita wakati wa kurudi. Hapo hapo Dorotea akasema, "Kojo."

Shija akasimamisha gari. Dorotea akakojoa vizuri, watu wazima sita wakampigia makofi. Kisha akashika njia, miguu imepanuka kama ya bata, akapita jiwe la mpaka lililopakwa rangi nyekundu, akaingia shambani hatua ishirini hivi na kuketi chini. Clever akaenda kumnyanyua. Hakunyanyuka.

Kila mzazi anajua jinsi mtoto asiyetaka kuondoka anavyojilegeza akawa mzito. Clever alidhani ndiyo hiyo. Lakini Clever ndiye anayebeba magunia ya dagaa pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, Jumatatu hadi Ijumaa, na alivuta mpaka mkanda wa suruali ukakatika. Enoka akaja kusaidia, na Shija. Dorotea alicheka sana, akidhani anabembeshwa. Shija akaleta jeki ya gari. Jeki ilizama ardhini mpaka shingoni, na imebaki huko hadi leo.

"Kwani ana kilo ngapi?" Judith aliuliza.

"Kumi na moja," Esther alisema, akaangalia kadi kuhakikisha.

Mwandu, aliyekodi shamba hilo kulima mtama, akafika na jembe begani. Akawaamkia wakubwa kwanza.

"Hapo hata ng'ombe wangu wanakataaga," alisema. "Plau nazungushaga tu. Mkae, atashuka hasira."

"Hana hasira," alisema Esther. Na kweli hakuwa nayo. Basi mkeka ukatandikwa hapo hapo.

Dorotea alikuwa anachimba kwa kijiko. Likatokea jiwe jeusi lenye masizi. Bibi Wegesa akapiga magoti, akafukua kwa mikono yake miwili, yakatokea mengine mawili. Yalikuwa mafiga matatu, yamekaa vizuri kama yalivyopangwa. Judith akagusa moja akarudisha mkono haraka.

"Yana moto!"

"Ndiyo," alisema Bibi Wegesa. "Chungu kilikuwa jikoni. Mama alikuwa anapika viazi."

Akasimulia huku anapangusa udongo, kwa sauti ile ile anayotumia kuagiza chumvi. Baba yake alizikwa Jumanne. Alhamisi Mugeta, baba mdogo, akaja akasema mwanamke aliyezaa binti tupu hana nyumba. Walitoka viazi havijaiva.

"Mimi nilikaa chini nikakataa kuondoka. Nilikuwa na njaa. Mama akaniambia, 'Inuka, mama, twende.' Hakulia. Nililiaga mimi, njia nzima."

Mugeta ndiye baba yake Enoka. Enoka akaweka kiganja juu ya figa, akakiacha hapo kwa muda mrefu kuliko inavyostahimilika.

"Marehemu mzee alisemaga hapa palikuwa pori tu," alisema. "Kwamba hapakuwa na mtu."

"Tulikuwepo sisi," alisema Bibi Wegesa.

Enoka akaangalia mkono wake. Kisha akauliza kama sukari imekuja. Hakuuliza kwa ubaya.

Birika likatelekwa, likachemka bila kuni. Judith akakumbuka kwamba viazi vya Kabasa bado viko nyuma ya gari. Mwandu akaleta sufuria na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Waendesha bodaboda wawili waliosimama kuuliza kama kuna msiba waliambiwa hapana, ni matembezi, wakakaribishwa. Enoka, kwa mazoea, alipepea kwa kofia moto ambao haukuwepo. Judith aliwachezesha wote, hata Mwandu, ambaye aligeuka kuwa hodari wa kiuno. Viazi vilipoiva, Bibi Wegesa alimlisha Dorotea kwanza, vipande vitatu, akivipuliza kimoja kimoja. Kisha akala yeye. Alikula akicheka, mdomo umejaa, mbele za watu, jambo ambalo amewakataza wajukuu zake wote. Sijui mtu mwingine aliyesubiri chakula miaka sitini na minane na bado akamsifu mpishi.

Saa kumi na moja makumbusho yalikuwa yameshawapita. Clever akajaribu tena kumnyanyua mtoto, akashindwa tena. Bibi Wegesa akasimama mbele ya Dorotea, akamfuta mdomo kwa ncha ya khanga.

"Inuka, Mama, twende," alisema.

Dorotea akanyoosha mikono. Bibi, na goti lake bovu, akambeba peke yake mpaka garini. Alikuwa na furaha tele, na ndani ya furaha hiyo mlikuwa na uchungu, naye hakuona sababu ya kuutoa.

Enoka alimfungulia mlango. "Dada, kweli pamekuwa pazuri. Nitamwambia mteja asiyatoe yale mawe."

Mteja hakuyatoa. Alijenga mgahawa juu yake, na unasifika barabara nzima kwa sababu jikoni mwake hamjawahi kuingia gunia la mkaa. Enoka alihudhuria ufunguzi, akaja na jogoo. Dorotea alipimwa tena kliniki, na muuguzi akaandika kilo kumi na moja na robo.

Bibi Wegesa akienda Butiama huingia pale na mtoto, huagiza chai na viazi. Msichana wa mgahawa ana adabu sana. Hufuta meza, huvuta kiti, na kila mara humwambia, "Karibu, mgeni." Bibi hushukuru, humpakata Mama, na hula mpaka akashiba.