Vitambaa Ishirini na Vinne

Safia alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi kubwa, simu ya kuazima mkononi, akisoma kitambaa kimoja kimoja na kuandika. Simu yake ilitumbukia mtaroni jana, ikafa. Hilo halikumtisha. Mdogo wake Yassin, aliyemfungulia pochi ya sarafu za mtandaoni, alishamwambia: simu ikifa, maneno ishirini na manne aliyopewa siku ya kuifungua yanarudisha kila kitu, mradi yafuatane vilevile.

Na maneno anayo. Karatasi huliwa na panya, kwa hiyo yeye, muuza vitambaa wa Mkuyuni, aliyadarizi, neno moja la Kizungu kila kitambaa, akavitandika kuanzia mlangoni hadi kwenye stuli ya mwisho. Nyumba gani haina vitambaa vya maneno ya Kizungu? Hakuna mgeni aliyewahi kuuliza. Wala hakuyakariri, ya nini, na anayakalia kila siku?

Akiba aliihamishia huko kwa sababu kila hela ikiingia kwenye laini yake, mkopo wa simu uliikwapua kabla hajaiona. Huku, alisema Yassin, hakuna wa kuigusa. Leo aliihitaji. Ada ya kizimba sokoni ilikuwa imepandishwa, na asiyelipa hadi saa kumi, kizimba anapewa mwingine.

Simu ikakataa maneno. Akaandika upya. Ikakataa.

"Mama," alimwita mama mkwe wake, Bi Mboni, aliyekuwa jikoni. "Hivi vitambaa umevigusa?"

"Nimevifua jana, mwanangu. Wageni wa posa ya wifi yako watoke Kisesa wakute makochi machafu? Nikavipanga kwa rangi. Si vimependeza?"

Vilikuwa vimependeza kweli. Safia alitaka kugomba, akakosa wa kumgombeza. Akampigia Yassin.

"Maneno yote unayo, dada?"

"Yote. Mpangilio nakumbuka manne ya mwanzo."

"Hayo yaliyobaki hata kompyuta haimalizi kujaribu mipangilio yake sisi tukiwa hai."

"Basi niambie ofisi yao iko wapi. Laini ikipotea si unakwenda na kitambulisho, wanakurudishia?"

"Huku hakuna ofisi, dada. Hakuna mtu."

Akampigia Maige, afisa wa soko, akaomba siku mbili tu.

"Ingekuwa ni mimi ningekupa, mama," alisema Maige. "Lakini mfumo unajifunga wenyewe saa kumi. Mimi nifanyeje?"

Safia aliweka simu chini. Hasira alikuwa nayo, na hakuona wa kumpelekea. Bi Mboni alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga, ameshaelewa kwamba ameharibu kitu asichokijua.

"Nivirudishe vilivyokuwa?"

"Vilikuwaje, mama?"

Bi Mboni aliyaangalia makochi, moja baada ya jingine.

Hodi ikapigwa. Wageni waliingia na shikamoo zao, wakasimama katikati ya sebule, wakisubiri kuonyeshwa pa kukaa. Saa ya ukutani ilikuwa imeshapita kumi.

"Karibuni," Safia alisema. "Kaeni popote tu."