Mama Kasoro Aloweka Hundi

Jina la Mama Kasoro halikutoka kwa wazazi wake, alilipata madukani. Muuzaji akihesabu chenji huku anaongea na simu, alimsimamia mpaka simu ikatwe. Kaunta ikiwa na vumbi, aliandika juu yake kwa kidole neno "futa". Kwenye cherehani yake mambo yalikuwa yaleyale: mshono ukipinda upana wa ukucha, aliufumua wote, hata mwenye nguo amsihi auache. Watu walimcheka sana, lakini vitambaa vyao vizuri walimpelekea yeye.

Alishonea kwenye kibaraza cha mdogo wake, kati ya baiskeli na ndoo, na mvua ikianza aliikumbatia mashine akakimbilia ndani. Kwa miaka minne aliweka akiba benki ili akodi chumba cha kona, kile chenye dirisha pana, mlango mmoja tu kutoka kwa kinyozi. Mwenye chumba alimpa mpaka mwisho wa mwezi alipe kodi ya mwaka mzima. Akiba ilikuwa imetimia. Kilichopungua ni rangi ya kuta na meza ya kukatia, ndiyo maana ujumbe ulioingia kwenye simu yake Jumatatu asubuhi ulimkuta na masikio wazi.

"Hongera! Umechaguliwa kati ya maelfu kuwa Mteja wa Siri," ulisema. Kazi yenyewe ilikuwa kuingia mahali kama mteja wa kawaida, kutazama usafi, lugha ya wahudumu na muda wa kungoja, kisha kuandika ripoti na kulipwa.

Yule kinyozi jirani ndiye shemeji yake, mume wa mdogo wake, na kwa jinsi alivyopenda kumaliza kila kitu haraka watu walimwita Chapuchapu. Aliusoma ujumbe akacheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji! Miaka yote hii unawasema watu bure, kumbe kuna mshahara wake!"

Mama Kasoro naye alicheka, lakini moyoni alifurahi kweli. Hatimaye kuna mtu mahali fulani aliyeona kwamba macho yake ni kipaji, si maradhi. Akajibu kwamba yuko tayari.

Siku ya tatu mtu wa pikipiki akaleta bahasha. Ndani mlikuwa na hundi yenye jina lake, fomu ya tathmini yenye maswali ishirini, na barua. Aiweke hundi benki, barua ilieleza. Sehemu moja ya kumi iwe ujira wake, na tisa zilizobaki azitume kwa namba waliyompa, ili apime huduma ya wakala wa kutuma fedha. Asimwambie mtu benki, maana mteja wa siri akijulikana kazi imeharibika.

Aliiweka. Kesho yake akatazama salio kwenye simu na kulikuta limenenepa ajabu.

"Sasa unangoja nini? Tuma!" Chapuchapu alisema, mkasi mkononi, amemwacha mteja kitini na nusu ya kichwa. "Ukichelewa watampa mwingine."

Papo hapo simu ikaita. Alikuwa Meneja wa Tathmini, mwenye sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto. "Mama, wakala anafunga saa kumi. Tunakungoja wewe tu."

"Naam, bosi. Fomu ninayo hapa," alisema Mama Kasoro, kalamu sikioni. "Swali la kwanza linauliza muda wa kungoja. Nianze kuhesabu nikiingia mlangoni au nikifika dirishani?"

"Andika dakika tano."

"Niandike kabla sijaenda?"

"Andika tu, mama. Hilo si muhimu. Muhimu ni kutuma."

Hapo ndipo alipotega sikio. Si muhimu? Mtu amemtafuta kati ya maelfu kwa ajili ya macho yake, halafu hana haja na yanachoona? Hakujua bado ni kasoro gani, lakini mshono ulikuwa umepinda, tena si kwa upana wa ukucha.

"Sawa, bosi," alisema. "Ngoja kwanza niiloweke."

Kuloweka ndiyo ilikuwa sheria yake. Zamani, akiwa mgeni katika kazi, alikata kitambaa siku ileile kilipoletwa, akamshonea bibi harusi gauni la kupendeza. Lilipofuliwa mara ya kwanza likanywea hata likamtosha mdogo wa bibi harusi, wa darasa la nne. Tangu siku hiyo hakuna kitambaa kilichoguswa na mkasi wake kabla hakijalowekwa, kikakauka na kupigwa pasi. Kama ni kupungua, kipungue kwanza.

Akaenda benki. Dirishani alikaa karani wa kike mwenye miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie hii hela ya jana. Imeshatulia, au inaweza bado kupungua?"

Karani akaweka kalamu chini. "Kuna mtu amekuambia uitume mahali?"

Mama Kasoro alikumbuka neno siri. Akakumbuka na lile dirisha pana. Akaitandaza barua yote kaunta.

"Mama, hiyo hela tumekutangulizia tu," karani alisema polepole. "Benki iliyoandikwa kwenye hundi bado haijakubali kulipa. Ikikataa, tunaiondoa. Na kama umeshaituma, tunaikata kwenye akiba yako. Mwajiri wa kweli hakupi hela ili umtumie mtu mwingine. Usitume hata senti."

Aliogopa. Alishika kaunta, akaona miaka minne na chumba chake vikienda na namba ya simu ya mtu asiyemjua.

Wiki ile meneja alipiga simu mara kumi na moja. Alibembeleza, akafoka, mwisho akatishia kumpeleka polisi. Kila mara alipata jibu lilelile: "Bado iko kwenye maji."

Siku ya sita tangu aiweke, hundi ikarudi. Ilikuwa ya bandia. Akiba yake ilibaki palepale, ukiondoa ada ndogo ya hundi iliyokataliwa, ambayo aliilalamikia kwa robo saa. Halafu akacheza mbele ya foleni nzima, karani akivua miwani kufuta machozi ya kicheko.

Jioni, kibarazani, aliijaza fomu yote na kumtumia meneja picha yake, kisha akawasomea watu wa nyumbani kwa sauti. "Lugha ya mhudumu: laini mwanzoni, chafu mwishoni. Muda wa kungoja: hawawezi kungoja. Usafi: haupo. Je, utawaambia ndugu na marafiki kuhusu huduma hii? Nitawaambia wote, mpaka nikauke koo."

Mdogo wake alishika mbavu. Chapuchapu hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na bahasha kama ile ya shemeji yake, uso umemshuka.

"Na mimi nilichaguliwa kati ya maelfu," alisema. "Imefika juzi. Nilikuwa naipeleka kesho. Nilitaka niwashangaze kwa kiti kipya cha kunyolea."

"Na mimi ninavyohangaika na benki wiki nzima, hukuniambia?"

"Iliandikwa ni siri, shemeji. Tena nilidhani ni tabia yako tu."

Hundi ilikuwa ileile, hata namba yake ya juu ileile, isipokuwa jina. Kisha Mama Kasoro akaanza kucheka, mdogo wake akafuata, na Chapuchapu alipowatazama wote wawili akashindwa kujizuia.

Barua na namba za simu walizipeleka polisi pamoja na nakala ya hundi. Hundi ya Mama Kasoro, baada ya benki kumruhusu aichukue, iliwekwa kwenye fremu ukutani, katika chumba cha kona alichokilipia kabla mwezi haujaisha, juu ya beseni la kulowekea. Mteja akilia kwamba anataka gauni lake leoleo, Chapuchapu hupiga kelele kutoka mlango wa pili, "Subiri! Bado iko kwenye maji!"

Asubuhi ya kwanza kabla ya kufungua, Mama Kasoro alikipitia chumba chake kona kwa kona, akitafuta kasoro. Swichi ya pili ilikuwa imekaa upande. Aliitazama kwa muda mrefu, akatabasamu, akaiacha.