Asili Haijulikani

Maelezo ya asili ya neno moja la Kiingereza yalikuwa ya uongo, na aliyeyaandika alikuwa baba mkwe wa mtu aliyetakiwa kuyafuta.

Neno lenyewe ni dogo, herufi tatu tu: box. Hakuna asiyelijua. Tulilichukua zamani tukaliita boksi, tukatia humo viatu, sabuni na barua za watu waliokwisha kufa. Lakini katika ofisi ya kamusi, ghorofa ya pili, kwenye chumba chenye makabati ya chuma kutoka ukuta hadi ukuta, neno hilo lilikuwa na maana kumi na moja, na kila maana ilikuwa na kadi yake. Kadi ya kwanza ilikuwa ya mti, mti mfupi wenye mbao ngumu za manjano. Kutoka kwenye mti likaja jina la kikopo kilichochongwa kwa mbao hizo, kutoka kwenye kikopo likaja sanduku lolote, na sanduku likazaa ukoo: kiti cha mwendesha gari la farasi, kibanda cha mlinzi getini, kizimba cha shahidi mahakamani, chumba cha wakubwa kwenye jumba la maonyesho, runinga, kile kimraba unachotia alama kwenye fomu, na eneo la adhabu mbele ya goli. Ukiliuliza neno habari za kwao, litakutajia mjomba na shangazi wa mjomba.

Kadi ya kumi na moja ndiyo iliyokuwa na taabu. Ilihusu kupigana kwa ngumi. Hapo Mwalimu, mwandishi wa toleo la kwanza la kamusi, alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake ulioinama kama watu wanaotembea dhidi ya upepo: "Zamani wapiganaji wawili waliweka zawadi ya mshindi ndani ya sanduku la mbao, sanduku likawekwa chini katikati yao, na aliyebaki amesimama ndiye aliyelichukua. Ndiyo sababu sanduku na ngumi vina jina moja."

Hadithi tamu. Ilikuwa imeingia kwenye vitabu vya shule na kwenye hotuba za mahafali, na klabu ya ndondi ya mtaa wa nyuma ilikuwa imeipaka ukutani kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama milango.

Chini ya kila kadi pana mstari wa chanzo: kitabu gani, ukurasa gani, mwaka gani. Kwenye mstari huo Mwalimu alikuwa ameandika neno moja. Inajulikana.

Mtu aliyeishika kadi hiyo asubuhi ya Jumatatu ofisini walimwita Ushahidi. Kazi yake ilikuwa ukaguzi, na kwa miaka thelathini na moja alikuwa akiuliza swali lilelile, ushahidi uko wapi, hata jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu. Shule aliiacha darasa la saba. Akaingia kiwanda cha uchapaji, akawa anapanga herufi za madini ya risasi kwa mkono, na huko ndiko Mwalimu alikomkuta, akiwa kashika ukurasa wa kamusi mpya akilalamika kwamba neno moja limeelezwa mara mbili na maelezo yanapigana. Mwalimu hakukasirika. Aliuliza wapi, akaonyeshwa na kijana mwenye wino hadi kwenye viwiko, akamchukua. Baadaye akamwoza binti yake.

Kwa hiyo kadi ya kumi na moja Ushahidi alikuwa anaijua. Aliipanga kwa vidole vyake, herufi kwa herufi, kwa ajili ya toleo la kwanza. Na kila alipopita mbele ya droo ile alipita kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai samahani.

Sasa toleo la pili lilikuwa linatoka, na mhariri alikuwa ameweka sheria: kadi isiyo na chanzo haiingii. Mhariri alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, ana shahada tatu na hana subira. Alikuja akasimama mbele ya meza ya Ushahidi.

"Hii inapita au haipiti?"

"Nipe hadi Ijumaa."

"Ijumaa kurasa zinakwenda kiwandani."

"Ndiyo maana nikasema Ijumaa."

Mhariri akavuta kiti, akapunguza sauti. "Ukitaka, niifute mimi. Mimi sikuoa kwake."

"Ukaguzi ni wangu."

"Basi tia 'inasemekana' mbele yake, kila mtu apone."

"Inasemekana na nani?"

"Unaona?" akasema mhariri akiinuka. "Ndiyo maana hawakualiki kwenye harusi."

Siku mbili alitafuta. Alifungua kamusi kubwa za Waingereza wenyewe, zile zinazobebwa kwa mikono miwili, na zote zikasema kitu kimoja: neno hilo kwa maana ya pigo ni la kale, na lilikotoka hakujulikani. Alifungua vitabu tisa vya huku kwetu, vyote tisa vikasimulia habari ya sanduku na wapiganaji, na alipofuata vilikochota, vyote vilichota kisima kimoja: toleo la kwanza, ukurasa wa sitini na nne. Alikuwa amezunguka mji mzima akimfuata mwizi, akajikuta anabisha mlango wake mwenyewe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mwongo huyu alikuwa ametembea miaka thelathini na moja na hata kiatu hakijalika.

Jumatano jioni alimweleza mkewe. Mkewe alikuwa anapiga pasi, na hakuisimamisha.

"Neno lenyewe si la mama yako wala la baba yako," alisema. "Wenye neno hawajalalamika. Wewe umelishikia bango la nini?"

"Si neno, mama. Ni kadi."

"Kadi. Baba ana miaka themanini kasoro mmoja. Macho yamekwisha. Una haraka gani?"

"Kamusi haiwezi kungoja mazishi."

Pasi ikasimama. "Rudia hilo."

"Sirudii."

"Afadhali." Akageuza shati upande wa pili. "Na ukienda kwake, usiende kama mkaguzi. Nenda kama mtoto wa nyumba ile. Umekula pale kuliko ulivyokula kwenu."

Alhamisi alasiri akaenda. Mwalimu alikuwa amekaa uani, redio mapajani, uso ameuelekeza kwenye ukuta kama vile mpira ulikuwa unachezwa pale. Hakuhitaji kuambiwa nani kaingia.

"Mwanangu, kiatu chako cha kushoto kinataka soli."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Huyu mtangazaji kasema boksi mara sita tangu kipindi kianze. Kaingia kwenye boksi, katolewa kwenye boksi. Tumeliweka hilo?"

"Tumeliweka. Maana ya kumi."

"Vizuri. Neno likifika redioni na kamusi haina habari, kamusi imezeeka."

Walisikiliza kidogo. Timu moja ikakosa goli la wazi na Mwalimu akamtukana mshambuliaji kwa adabu, akimwita "kijana wetu yule." Kisha Ushahidi akapiga moyo konde.

"Mwalimu, nimekuja kwa ajili ya kadi ya kumi na moja."

Mwalimu alizungusha kitufe cha redio taratibu hadi sauti ikafa. "Inajulikana," alisema.

"Kwa nani?"

Mzee akacheka, kicheko cha puani. "Swali hilo nilikufundisha mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe." Akapangusa miwani ambayo haikumsaidia tena kitu. "Nilisoma mahali."

"Mahali gani, Mwalimu? Nipe hata jalada lilikuwa rangi gani. Nitakitafuta."

 Jirani alikuwa anapiga zulia kulitoa vumbi, pigo baada ya pigo, na Mwalimu alingoja amalize.

"Ilikuwa kipindi cha baada ya chakula cha mchana," alisema. "Wanafunzi hamsini na watatu. Nusu wanasinzia, nusu wamelala. Nina wiki ya tatu tangu nianze kazi. Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono: Mwalimu, kwa nini sanduku na kupigana ngumi ni neno moja? Nikafungua mdomo niseme sijui, ikatoka hadithi."

"Wakaamka?"

"Wote! Hata aliyekuwa na homa." Uso wake ukang'aa, kisha ukatulia. "Mwaka uliofuata nikaisimulia tena. Na uliofuata. Ilipofika siku ya kuandika kadi ile, kweli tupu nakwambia, niliamini nimeisoma. Nilikuwa nauona hadi ukurasa."



"Maneno elfu ishirini na mbili niliandika," Mwalimu akaendelea. "Watu hawayakumbuki. Wananisimamisha njiani kunisimulia hilo moja, wananisimulia mimi mwenyewe, wakidhani silijui. Iache, mwanangu. Toleo la tatu sitakuwepo, utafuta utakavyo. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Ilikuwa kweli. Kazi alimpa kabla hajaomba, na binti alimpa bila kumzungusha kwa washenga na visingizio. Ushahidi aliangalia mikono ya mzee juu ya redio, na kwa mara ya kwanza akajiona kazini kama wengine walivyomwona. Miaka yote ile alikuwa akirudisha kadi za watu, madaktari wa lugha, maprofesa, akiwaandikia pembeni kwa kalamu nyekundu, chanzo? Na siku alizorudisha nyingi alirudi nyumbani akipiga mluzi. Alikuwa akidhani anaupenda ukweli. Huenda alichopenda ni kuwakuta wenye vyeti wamekosea. Na ukweli wenyewe walikuwa hawajawahi kukutana uso kwa uso, kwa sababu haujawahi kumgharimu kitu.

"Nitafikiri, Mwalimu."

"Wewe ukisema utafikiri, umeshakata." Mzee akaiwasha redio. Goli lilikuwa limeshafungwa, wala hawakujua na nani.

Ijumaa aliwahi ofisini kabla ya mfagiaji. Aliitoa kadi, akaiweka mezani. Akachukua kadi tupu, akaandika upya maneno ya Mwalimu, na mbele yake akatia "inasemekana" kama alivyoshauriwa, akaegemea kiti aone inakaaje. Ilikaa vizuri. Hapo ndipo palipomtisha. Ilikaa kama mtu aliyezoea kukaa kiti cha mwingine.

Akamfikiria yule msichana wa dawati la mbele. Sasa ni mama mtu mzima, labda bibi, na kama yu hai bila shaka bado anawasimulia wajukuu habari ya sanduku. Aliuliza swali zuri, pengine zuri kuliko yote yaliyoulizwa mwaka ule, na hakujibiwa hadi leo. Wengine wote hadithi iliwatosha. Yeye alikuwa ameuliza.

Ushahidi akaichana kadi ya "inasemekana." Akachukua nyingine, akaandika: Asili haijulikani. Kwenye mstari wa chanzo akaorodhesha zile kamusi kubwa, na chini yake akaandika jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho, na tarehe.

Mhariri alipoisoma alinyanyua nyusi. "Hatuna desturi ya mkaguzi kutia jina."

"Mwalimu akiuliza nani kafuta, asiambiwe ofisi."

Mhariri alikaa nayo mkononi muda mrefu kuliko maneno mawili yanavyohitaji. "Ungeweza kuniachia mimi," alisema mwishowe, bila mzaha.

"Ningeweza."

Ushahidi hakungoja kitabu kitoke. Jumamosi asubuhi alikwenda kumwambia Mwalimu, akiwa amesimama, kwa sababu hakuambiwa akae. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho. Hakupandisha sauti. Alisema anashukuru kwa taarifa, na kwamba angependa jina lake liondolewe kwenye jalada, kwa kuwa kitabu sasa ni cha wenye ushahidi. Ushahidi alijaribu kusema kwamba maneno elfu ishirini na moja mia tisa tisini na tisa bado ni yake.

"Asante, bwana mkaguzi," alisema Mwalimu. "Lango nadhani unalijua."

Kitabu kilitoka baada ya miezi miwili, kinene, kizuri, chenye harufu ya gundi. Mhariri alipeleka nakala kwa Mwalimu kwa mkono wake. Ilipokelewa na jirani.

Kilichotoka kwenye ukurasa ule ni maneno thelathini, na kilichoingia ni maneno mawili. Jalada limepoteza jina moja. Mke wa Ushahidi alilala siku arobaini na moja kwenye chumba kilichoachwa na watoto, kisha akarudi, ila habari za kazini haziulizi tena, na mumewe akizianza, mkewe anakumbuka kitu jikoni. Jumapili walikuwa wakila kwa Mwalimu wote wawili. Sasa mkewe huenda peke yake, na Jumapili hizo zimefika kumi na tisa. Katika hizo kumi na tisa, Mwalimu amemtaja Ushahidi mara moja, kuuliza kama zile funguo za ghala bado anazo, na zilirudishwa siku hiyohiyo ndani ya bahasha. Neno mwanangu halijasikika.

Barua za wasomaji kuhusu kamusi mpya zimekuja mia mbili na sita, na Ushahidi amezisoma zote. Kuhusu neno hilo, hakuna hata moja.