Mshono wa Bomba

Kitu pekee kilichoweza kumlaza mtoto yule ni gari. Walishambeba mgongoni, wakamwimbia, wakamkanda tumbo kwa mafuta, wakamwogesha maji ya uvuguvugu. Wapi! Kilio chake kilipenya kuta na kuwafikia majirani mezani, na bibi yake, aliyekuja kumsaidia bintiye baada ya kujifungua, akampachika jina la Kengele. Jina likaganda. Fundi cherehani wa mtaani, ambaye watu walimwita Fundi tu, akageuka kuwa Baba Kengele.

Gari lao lilikuwa kuukuu, limeliwa na kutu sakafuni kiasi kwamba ukiinua zulia la nyuma unaiona ardhi. Lakini injini yake ikinguruma taratibu, Kengele alikata kilio katikati, kama aliyeitwa na mtu, akatulia kusikiliza, kisha kope zikaanza kushuka. Baadaye wakagundua kwamba si lazima gari litembee. Likinguruma tu bandani, mlango wa banda ukiwa wazi, na mama yake amempakata kiti cha nyuma, inatosha.

Halafu ekzosi, bomba la kutolea moshi, ikakatika. Kutu ilikuwa imelitafuna bomba mbele ya sailensa, likaachia na kuburuza chini, na gari lililokuwa likibembeleza likaanza kubweka. Kengele akalia mpaka sauti ikakauka. Siku iliyofuata Mama Kengele alisinzia amesimama, mikono ndani ya beseni la vyombo, sahani ikamponyoka na kuvunjika miguuni pake, naye hata hakushtuka. Alitazama vipande kwa muda, kama anajaribu kukumbuka vinaitwaje.

Mumewe alipoona hivyo, roho ilimuuma.

"Nitalitengeneza mwenyewe," akasema. "Leo hii."

"Wewe?" Mama mkwe aliacha kukunja nepi. "Baba, hiyo si suruali."

"Mama, kitu chochote chenye kiuno na mguu, mimi nakiweza."

Mama mkwe alicheka, na hata Mama Kengele alitabasamu kidogo. Tabasamu lile ndilo lililomtuma kazini. Alilala chini ya gari, akakata sehemu iliyooza kwa msumeno wa chuma, akatoa futi yake shingoni na kulizungushia bomba lililobaki, kama azungushiavyo kifua cha bwana harusi. Akakariri kipimo kichwani, akaenda zake.

Duka la vifaa vya magari lilikuwa la dada mmoja mnene, mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele. Alimpa kipande kipya cha bomba, kisha akamwekea kaunta vifaa vya kupanulia.

"Bomba jipya na la zamani ni unene mmoja," alimweleza. "Haliwezi kuingia moja ndani ya jingine mpaka upanue mdomo. Hiki cha kugongea na nyundo ni cha kunyooshea midomo iliyobonyea, sikushauri. Chukua hiki cha nati. Unakiingiza kimejikunja, unakaza nati, haya mabawa yanafunguka, yanasukuma chuma kwa nje. Sasa, mdomo wako ndani una upana gani?"

Alimtajia kipimo chake. Dada yule akamtazama, akaitazama na futi iliyokuwa inaning'inia shingoni.

"Umepima na hiyo?"

"Ndiyo hii hii. Haijawahi kunidanganya."

"Kwa hiyo umepima nje. Kaka, bomba linapimwa ndani. Nje ni kama unataka kulishonea koti!"

Wateja wawili waliokuwa nyuma wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, lakini masikio yalimwaka. Amepima watu wa kila umbo, leo anafundishwa kupima bomba mbele za watu?

"Tofauti ya ndani na nje ni unene wa bati tu," alisema. "Nipe kinachoendana na kipimo changu."

"Kitakuwa kinene, hakitaingia kirahisi. Nenda kapime upya, mimi nipo."

"Dada, nina mtoto analia nyumbani."

Dada akainua mabega, akakifunga kifaa kwenye gazeti. "Basi paka grisi kwenye nati. Pasha bomba moto. Na usikaze kwa mkupuo. Kaza kidogo, legeza, kizungushe, kaza tena, ili chuma kifunguke kote sawasawa. Na mabawa yasikae juu ya mshono wa bomba, maana huo ndio unaopasuka kwanza. Mshono unaujua, wewe si fundi nguo?"

"Mshono naujua," alijibu, akiwa tayari mlangoni.

Kifaa hakikuingia. Alikijaribu kwa mkono, kikagoma kwenye mdomo wa bomba jipya kama kizibo kikubwa kuliko chupa. Angeweza kurudi dukani. Alifikiria wale wateja wawili, akachukua tupa na kuanza kukwangua ndani ya mdomo, akala chuma mpaka ukingo ukawa mwembamba. Kisha akakipigilia kwa nyundo. Kutoka ndani ya nyumba kilio cha Kengele kilipanda na kushuka, na kila kilipopanda mikono yake iliongeza kasi. Hakupasha bomba moto. Grisi alipaka. Spana akaishika kwa mikono miwili na kukaza, na chuma kikaanza kuitika, mdomo ukafunguka, na yeye akaona raha ileile aionayo kitambaa kinapokubali umbo. Alegeze, akizungushe? Kilikuwa kinakwenda vizuri. Akakaza.

Tik.

Sauti ndogo, kama ya sindano inayovunjika ndani ya kitambaa kizito. Alisimama. Akalegeza nati, akalibeba bomba hadi kwenye mwanga. Mabawa yalikuwa yamekaa juu ya mshono, na mshono ulikuwa umeachia, mstari mwembamba kama uzi mweusi, ulioanzia mdomoni na kwenda ndani zaidi ya pale ambapo klempu, kile kibanio cha kuunganishia mabomba, ingefika. Aliupitisha ukucha. Ukucha ukanasa.

Alikaa nalo mapajani. Hakuna nguo ambayo angemkabidhi mteja ikiwa na mshono ulioachia namna ile. Lakini ndani mtoto alikuwa analia, na sasa Mama Kengele naye alikuwa analia. Akachukua udongo wa kuzibia ekzosi, ule wa kopo, unaokauka na kuwa kama saruji, akaupaka juu ya ufa, akausawazisha kwa kidole mpaka uzi ule ukapotea. Akaunganisha mabomba, akakaza klempu. Alipowasha, gari lilinguruma laini kuliko siku zote.

"Mkwe wangu ana mikono ya dhahabu," mama mkwe alitangaza kwa majirani kupitia dirishani. Mama Kengele akaingia nyuma na mtoto, na kabla mumewe hajamaliza kunawa grisi, wote wawili walikuwa wamelala. Aliwatazama kupitia kioo, vinywa wazi, nyuso zimefanana, na mapenzi yakamjaa mpaka akaona haya. Atamwambia mkewe habari ya ule ufa kesho, na kesho hiyohiyo atanunua bomba jingine.

Kesho yake mkewe aliamka akiwa na sura ambayo hakuiona tangu Kengele azaliwe. Aliimba jikoni. Unamwambiaje mtu anayeimba?

Kisha mvua zikaanza. Upepo uliyasukuma maji ndani ya banda, na mama mkwe akawa anaufunga mlango ili mtoto asipigwe na baridi. Fundi aliuona umefungwa mara ya kwanza, akasimama mbele yake, akaufungua kidogo.

"Unaingiza mvua, baba," mama mkwe alimwambia.

"Hewa, mama. Hewa kidogo."

"Hewa gani hiyo yenye matope? Mtoto atashikwa na kifua." Akaurudisha.

Hakubishana naye. Siku zile Kengele alilala kama hajawahi kulala. Aliingizwa garini analia na kutolewa amelegea, akahamishiwa kitandani bila kufungua jicho. Bibi alisema gari lina dawa. Mama Kengele alisema kichwa kinamgonga, labda ni uchovu wa zamani unatoka. Fundi mwenyewe akikaa nao kidogo alipata kichefuchefu, akatoka nje kupunga upepo, na kikaisha.

Asubuhi moja alikuta nyigu sakafuni mwa banda. Walikuwa na kiota chao kwenye boriti, juu ya nyuma ya gari, na hakuna aliyewahi kuthubutu kukigusa. Sasa walikuwa wametapakaa chini, miguu juu, wepesi kama makapi. Aliwafagia. Aliwafagia upesi, akawatupa ng'ambo ya ukuta, akatazama nyuma kuona kama kuna mtu aliyemwona. Leo jioni, aliapa moyoni. Leo jioni analing'oa bomba lile, liwalo na liwe.

Akaenda dukani kwake. Mvua ilinyesha kwa fujo. Alitandaza mezani gauni jeupe la bibi harusi, akapandisha mguu kwenye kigoda ili apinde upindo, na punje ya kijivu ikadondoka kutoka kwenye soli ya kiatu, juu ya kitambaa cheupe kilichoning'inia hadi chini. Aliishika kwa vidole viwili ili aitupe. Ilikuwa ngumu, imeungua upande mmoja, na upande wa pili ilikuwa na mstari uliojitokeza, mwembamba kama uzi.

Ule udongo ulikuwa umetoka. Asubuhi alikuwa ameukanyaga wakati anafagia.

Alimpigia mkewe. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena, na mama mkwe akapokea.

"Simu ameiacha jikoni, baba. Wamelala garini, wote wawili, tangu muda mrefu. Leo hata mimi nimepata nafasi ya kupika."

"Zima gari! Fungua mlango wa banda, fungua milango yote, watoe nje!"

"Kwenye mvua hii? Mtoto ndio kwanza..."

"Mama, watoe!"

Alikuwa tayari anakimbia. Alikimbia na sindano imechomekwa kifuani mwa shati, madimbwi yanamrukia usoni, na katika mtaa ule wa mabati hakusikia chochote ila mvua. Kadiri alivyokaribia nyumbani alitega sikio. Alitaka kusikia kilio. Alikitaka kile kilio kama mwenye kiu anavyotaka maji, na nyumba ilikuwa kimya.

Mama mkwe alikuwa amewaburuta hadi barazani peke yake, kanga yake imelowa tope. Mama Kengele alikuwa amepiga magoti, anatapika. Kengele alikuwa amelala mapajani mwa bibi, kichwa kimeangukia upande, midomo myekundu kuliko kawaida. Alipumua, lakini kama anayesahau na kukumbuka, pumzi moja na kisha kimya kirefu.

Teksi iliwafikisha zahanati. Daktari, kijana aliyevaa ndala za kazini, alimpokea mtoto, akamfunua macho, akamfinya kidole cha mguu.

"Ameanza lini? Alikuwa na homa? Degedege?"

"Hana homa," bibi alisema. "Alikuwa amelala tu."

"Mmempa dawa ya usingizi? Semeni ukweli. Wazazi wengine humpa mtoto dawa ili anyamaze."

"Sisi?" Bibi alisimama. "Sisi tumpe mtoto sumu?"

Hapo Mama Kengele, aliyekuwa ameegemea ukuta, akafungua mdomo. Maneno yalimtoka mazito, kama ya mlevi. "Ni mimi. Nilipitiwa na usingizi nikiwa nimempakata. Nimemlalia mwanangu. Nimemlalia."

"Hukumlalia," bibi akamwambia, lakini sauti yake haikuwa na hakika, na daktari akageuka kuanza kumpapasa mtoto mbavu.

Fundi aliyasikia yale maneno ya mkewe. Yalikuwa yamewekwa pale, tayari kabisa, kama nguo ya mtu mwingine inayokukaa vizuri. Angenyamaza tu. Na daktari angeendelea kutafuta ubavu uliovunjika, wakati pumzi za Kengele zinazidi kuachana.

"Hajalaliwa," alisema. "Ni moshi. Walikuwa ndani ya gari linalowaka, na banda limefungwa. Bomba la ekzosi limepasuka chini ya kiti, na sakafu ina tundu. Nililipasua mimi nikilipanua. Niliona. Nikaziba na udongo, nikanyamaza."

Daktari hakumtazama hata. "Oksijeni!" alipaza sauti koridoni. "Mbili! Mtoto na mama!" Alipokuwa anamfunga Kengele barakoa iliyomfunika nusu ya uso, akasema bila ukali, "Hata bomba lingekuwa zima, bwana. Banda lililofungwa peke yake linatosha kuua."

Kisha kukawa na mlio wa hewa tu. Mama Kengele alimtazama mumewe juu ya barakoa yake. Hakuwa na hasira machoni bado. Alikuwa anayapanga mambo kichwani, taratibu, siku baada ya siku: kichwa kilichogonga, kuimba kwake jikoni, mlango wa banda. Alipofika mwisho alifumba macho, na chozi likapita chini ya ukanda wa barakoa.

Walingoja. Daktari aliingia na kutoka, kila mara akimfinya mtoto kidole. Akamfinya tena, na mguu ukavutika. Halafu kutoka chini ya barakoa ikatoka sauti kavu, ndogo, kama bawaba ya mlango, ikakatika, ikarudi, ikapanda. Kengele alikuwa analia.

"Mwacheni alie," daktari alisema. "Alie sana. Tutamlaza hapa, tumwangalie akili na viungo, siwezi kuwaahidi kitu leo. Lakini alie."

Fundi aliinuka, akaelekea kwenye benchi lililokuwa kando ya kitanda. Mama mkwe alimwona anakuja. Aliuchukua mkoba wake uliokuwa sakafuni, akauweka juu ya benchi, pale pahali palipobaki wazi, akaushikilia kwa mikono yote miwili.

Basi akasimama ukutani, futi ingali shingoni, akakisikiliza kile kilio hadi mwisho wa kila pumzi, akingoja kianze tena.