Koki ya Baa Namba Moja

Kazi yangu ni kuosha mipira ya bia, ile inayotoka kwenye pipa chini ya kaunta mpaka kwenye koki. Usicheke. Wewe unaona glasi yenye povu na jina la kuchekesha ubaoni, mimi naona kilichoganda ndani ya mpira. Wiki mbili bila kuoshwa, utando unaanza. Miezi miwili, kinachotoka humo hata paka anakiruka. Kwa hiyo ukiniuliza hapa mjini baa gani ni nzuri kwa bia za mikono, zile wanazopika watu wenyewe tangi moja moja, sikutajii ladha. Nakwambia nani hunifungulia mlango nikija na ndoo yangu.

Sasa, kuna bwana mmoja wa gazeti, sisi tunamwita Bwana Ulimi. Kila mwaka hutoa orodha ya baa kumi bora. Anavaa skafu na jua lote hili, anazungusha glasi, ananusa, anafumba macho, halafu anaandika maneno ambayo hata yeye ukimsomea atakuuliza maana yake. Mwaka huu namba moja aliipa baa ya shemeji yangu.

Nilifurahi mno, maana bia ya pale anapika dada yangu. Alikuwa mwalimu wa kemia, akaacha chaki, akaweka matangi mawili kwenye banda la uani. Yeye anapika, mumewe anapeleka mapipa baa. Dada mwenyewe hakanyagi kule tangu mama mkwe wake ahamie kaunta na mto wake wa kukalia, awe anapokea wateja na kumsengenya mkwe wake kwa wakati mmoja.

Kilichotuharibia ni yale maneno ya gazeti. Bwana Ulimi aliandika kwamba bia ina "uchachu wa kijasiri, wenye harufu ya mbali ya pishi la kale." Dada akasoma mara tatu. Hajawahi kuweka uchachu wowote. Akaenda bandani, akaonja, hakuna. Akaniita nami nionje. Nikamwambia, dada, tamu, wala haina uchachu.

"Wewe ukipewa maji ya betri utasema tamu," akanijibu.

Akamuuliza mumewe, ambaye kila jioni hujichotea glasi palepale kwenye tangi. Shemeji akalamba midomo. "Upo, mke wangu. Uchachu safi kabisa."

Basi dada akaamini ulimi wake umekufa. Mji mzima unasifu kitu, mumewe anakisikia, yeye aliyekipika hakisikii. Kwa miezi mitatu alipika kwa kufuata karatasi tu, bila kuonja, bila kuimba kama alivyozoea. Mwishowe akakubaliana na mama mmoja mtengeneza sabuni aje anunue matangi yote mawili, Jumamosi saa saba mchana. Aliniambia huku ananawa mikono, hanitazami. Iliniuma, sikufichi.

Jumamosi hiyohiyo, saa nne asubuhi, Bwana Ulimi alikuwa analeta kibao cha namba moja kipigiliwe ukutani. Kulikuwa na bia ya bure, ningekaaje nyumbani? Pale baa nilikuwa sijafika miezi saba, tangu shemeji aliponiambia amepata fundi mwingine, mwepesi kuliko mimi.

Funda la kwanza tu, nikatema. Lo! Nikazunguka nyuma ya kaunta.

"Huyu naye anatafuta nini miguuni kwangu?" mama mkwe akafoka.

Nikafungua koki, nikavuta mpira. Ikatoka kamasi ya kijani, ndefu, imejaa tele. Fundi mwingine hakuwahi kuwepo, wala mwepesi wala mzito.

Shemeji akanijia mbio, shati jipya, kichwa kimetoka kwa kinyozi kinang'aa. "Rudisha!" akaninong'oneza. "Usioshe kitu!"

"Shemeji, huu ni uozo."

"Najua! Nilikuwa nimepitiwa tu, sikuosha, yule bwana akaja, akaipenda. Ukiosha leo, namba moja ndiyo imekwenda hivyo."

Najua, anasema. Anajua, na dada yangu kule nyumbani anafuta matangi kwa mara ya mwisho. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nikampigia dada simu, njoo baa sasa hivi. Akasema haji kukaguliwa na yule mama. Nikamwambia asipokuja asiniite mdogo wake tena. Akaja, na aproni na kandambili.

"Mpishi mwenyewe!" Bwana Ulimi akapanua mikono, mpiga picha nyuma yake.

Nikarudisha mpira, nikampa dada glasi iliyotoka kwenye koki. "Unajua siwezi," akasema taratibu.

"Wewe onja."

Akaonja. Uso ukajikunja wote. Akatema, pyuu, juu ya viatu vya Bwana Ulimi.

"Uchafu gani huu? Siki, soksi, na tambara la kudekia! Mimi maisha yangu yote sijapika..." Akaonja tena, safari hii akatema kwenye sinki. Halafu akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, amenishika mkono kwa nguvu. "Naisikia," akaniambia. "Mdogo wangu, naisikia yote!"

Nikafungua pipa lenyewe, nikamchotea bila kupitia mpira. Akanywa kidogo, akampa Bwana Ulimi. Bwana akazungusha, akanusa, akafumba macho. "Tamu," akasema, "lakini imekosa ujasiri."

Mama mkwe akamnyang'anya glasi, akaimaliza, akajifuta mdomo. "Ujasiri kitu gani? Kumbe miezi yote mnaninywesha taka, hii mmeificha!"

Watu wakaangua kicheko. Dada hakucheka. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Wewe bia unaichota nyumbani," akamwambia. "Kwenye tangi. Kila jioni."

"Mke wangu, mbele za watu jamani."

"Nilikuuliza kama uchachu upo."

Shemeji akakikumbatia kile kibao. "Niliogopa tungepoteza namba moja."

"Leo saa saba matangi yangu yanaondoka. Ulijua?"

"Nilijua," akasema.

Dada akachukua glasi kubwa, akaenda kwenye koki, akaijaza mpaka juu. Kipande cha utando kilikuwa kinaelea ndani. Akaiweka mbele ya mumewe.

"Kunywa."

Shemeji akamtazama mama yake. "Unanitazama nini mimi?" mama akasema. "Umeambiwa kunywa."

Akanywa. Nusu glasi akasimama, jasho linamtoka, mpiga picha anapiga tu. Dada akasubiri. Akamaliza.

"Ina uchachu?" dada akamuuliza.

"Ina," shemeji akasema, macho chini.

Dada akaitikia kwa kichwa. Akanigeukia, akanisogezea kwa kandambili ndoo iliyokuwa chini ya kaunta. "Osha," akaniambia, akatoka kwenda nyumbani kumwambia mama wa sabuni kwamba matangi hayauzwi tena.