Ukwaju wa Jaji

Jaji Lezama alikuwa na mdomo usiotulia, na wakili Ramsaroop aliutegemea mdomo huo kama mkulima anavyotegemea mvua. Alimweleza Ismay mpango wake kwenye ngazi za mahakama, huku akijifuta mchuzi wa dengu vidoleni.

"Hapa tutashindwa, binti. Nusu ya mji walichanga pesa zao kwenye susu ya dada yako. Lakini jaji akimkejeli, akimkata kauli, kila neno linarekodiwa. Majaji wa rufaa watasoma waseme, huyu hakuwa jaji, alikuwa mwendesha mashtaka wa pili."

"Kwa hiyo unataka amtukane."

"Mimi nangoja tu. Na nikiinuka kupinga, nainuka polepole."

Verlyn na Ismay walikuwa mama mmoja, baba mbalimbali. Verlyn ndiye aliyemlea mdogo wake. Susu yake ilianza kama susu zote, watu wanachanga na kila mmoja anapokea mkono wake, yaani fungu lote la pesa, kwa zamu. Kisha akawaahidi mkono mara mbili, kutokana na hoteli iliyokuwa ikijengwa Tobago. Mikono haikufika. Verlyn alisema naye alitapeliwa. Ismay hakuwahi kumuuliza, maana aliogopa jibu. Alijua tu kwamba akishindwa kesi, kifungo kingekuwa kirefu.

Tangu dada yake akamatwe, Ismay aliuza langoni mwa mahakama vidonge vya ukwaju, vilivyofinyangwa kwa sukari na pilipili. Wiki ya kwanza ya kesi jaji alisema mpaka sauti ikamkauka. Wiki ya pili wakili alitoka amenuna.

"Jaji kawa bubu. Anamung'unya kitu, anasikiliza kama padri kwenye maungamo."

Kesho yake Koplo Bissoon, mlinzi wa jaji, alikuja kununua mfuko wake kama kawaida.

"Vyote hivi unakula wewe, Koplo?" Ismay alimuuliza. "Meno yatakuhama."

"Vya mkuu hivi. Koo lilimuuma kwa kusema. Sasa anaweka kimoja shavuni, asubuhi inapita hajasema kitu."

Ismay alimpa mfuko wake.

Mchana alimtembelea Verlyn rumande. Dada alikuwa amesuka nywele upya.

"Siku hizi ananisikiliza yule mzee, anamung'unya ukwaju wako tu," alisema. "Kesho nasimama nieleze mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Wale raia wa jopo la kuamua kesi wakinisikia vizuri, huenda wakaniamini."

"Wasipokuamini?"

"Angalau watakuwa wamenisikia, mdogo wangu."

Usiku huo ukwaju ulibaki kwenye beseni, haukufinyangwa.

Asubuhi langoni hapakuwa na muuzaji. Ismay alikaa ndani, nyuma ya watu, mikono mapajani. Verlyn alianza kwa sauti iliyotulia, na wale raia wa jopo, waliokuwa wakimwangalia viatu, wakaanza kumwangalia uso. Jaji alipapasa mfuko wa joho lake. Alimeza mate. Alikohoa.

"Bibi," alisema, "hoteli hiyo ina vyumba, au ina ndoto tu?"

Watu walicheka. Verlyn alirudi nyuma kutafuta sentensi yake, hakuikuta. Jaji aliuliza tena, na tena, mpaka Verlyn akawa anajibu ndiyo na hapana kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Ramsaroop aliinuka polepole sana.

Jopo lilimtia hatiani. Mwaka uliofuata majaji wa rufaa waliifuta hukumu, wakaamuru kesi isikilizwe upya mbele ya jaji mwingine, na Verlyn akarudi nyumbani kwa dhamana. Majirani walifunga madirisha alipopita.

Aliketi jikoni, Ismay akisugua sufuria.

"Siku ile nilikuwa nasema vizuri," Verlyn alisema. "Uliona? Walikuwa wameanza kuniamini. Sijui yule mzee alipatwa na nini."

"Muhimu umetoka, dada."

"Nimetoka. Nitengenezee ukwaju basi. Kule ndani niliutamani mno."

"Msimu umepita," Ismay alisema, bila kugeuka.

Verlyn alitazama dirishani. Mkwaju wa jirani ulikuwa umejaa matunda, matawi yameinama mpaka ukutani. Aliutazama, kisha akautazama mgongo wa mdogo wake, na hakuuliza tena.